Wembe wa Wangwe

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesema uongo mbele ya watu kama sabini, na nilipomaliza walisimama wakanipigia makofi.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kuuamini mwenyewe.

Hapa Suna, mjini Migori, kuna ukumbi nyuma ya karakana ya maseremala. Tangu Januari, Jumapili alasiri, Liz anaendesha humo kitu anachokiita Jukwaa la Waliobaki. Liz ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa na subira nyingi. Mtu yeyote aliyefiwa anapanda jukwaani, anapewa maiki na dakika kumi. Anaweza kusema, kuimba, kusoma shairi, hata kulia tu. Mabango ya Jukwaa nachapisha mimi dukani kwangu, na leo nilikwenda kupeleka mapya, si zaidi. Mvua ya kwanza ya msimu ikaniwahi ndani. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka mzee mmoja aliyekuwa akimwimbia mkewe wimbo wa kanisani ikabidi aanze upya mara tatu.

Mvua ilipopungua Liz akanigeukia. "Na wewe Osoro? Kila wiki unaandika ya wengine."

Ni kweli. Nachapisha kadi na mabango, lakini kazi inayonilisha ni programu za mazishi. Watu wananiletea picha na majina, mimi naandika wasifu wa marehemu. Nimeandika zaidi ya mia tatu. Najua ni sentensi gani inamfanya mtu atafute leso.

Nilipanda nikitaka kusema kwamba kaka yangu Mokua alifariki Januari kwa saratani ya koo, huko Lambwe alikokuwa analima, na kwamba yeye ndiye aliyenilea. Nikasema hayo. Watu wakatulia kwa adabu, kama wanavyotulia mchungaji anaposoma matangazo. Hapo ningeshuka. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Kila Ijumaa nilimnyoa ndevu."

Ukumbi ukanyamaza kweli.

Nikaendelea. Nikasema nilikuwa nachemsha maji, naweka kwenye beseni la bluu. Nilikuwa naanzia chini ya sikio la kushoto, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa umevimba na ngozi yake imekuwa laini kama ya mtoto. Nikasema Mokua hakutaka kuingia Sabato na ndevu, hata alipokuwa hawezi tena kumeza uji. Nikasema mwisho alikuwa ananiegemezea kichwa kifuani, na mimi nazuia pumzi ili mkono usitetemeke.

Mambo hayo yote yalitokea, ila hayakufanywa na mimi. Yalifanywa na Wangwe, Mkuria anayefuga mbuzi kwenye shamba linalopakana na la Mokua. Aliniambia siku ya mazishi, baada ya mimi kushangaa kuona uso wa maiti umenyolewa vizuri hivyo. Nilimwuliza tu ili niwe na la kusema, naye akanieleza taratibu, akiangalia chini.

Mimi nilikwenda kumwona Mokua mara moja, Novemba. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, dakika ishirini. Kidonda kilikuwa kinanuka. Nikasema mvua itaharibu barabara, nikaondoka, na angani hakukuwa na wingu. Baada ya hapo kila nilipoona jina la mkewe, Mong'ina, kwenye simu, niliiacha ilie mpaka inyamaze.

Ninaloliona aibu kuliko yote nalo niliandike. Makofi yale niliyapenda.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Wateja wawili.

Jumatano, 12 Machi

Mwanamke wa sokoni anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alinishika mkono barabarani. "Ni wewe ulikuwa unanyoa kaka yako," akasema. Halikuwa swali. Akaniwekea vikombe viwili vya omena kwenye gazeti, akakataa kabisa kupokea chochote. Tuliila jioni. Nyakerario, mke wangu, akauliza imetoka wapi. Nikasema mteja.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda Jukwaani. Nilikaa dukani nikipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Alhamisi, 20 Machi

Umeme ulipotea saa tano, ukarudi saa kumi. Liz alipita akiwa amelowa miguu. Alisema watu waliniulizia. Alisema wanaume huwa hawaongei mambo kama yale, na tangu nilipoongea, wanaume watatu wamejiandikisha. "Umefungua mlango, Osoro. Usiufunge."

Nilimwambia nitakuja.

Jumapili, 23 Machi

Mara ya kwanza uongo ulinitoka. Leo niliubeba kutoka nyumbani.

Asubuhi nilikuwa nimejifunza mbele ya kioo ni wapi nitulie. Niliongeza kitu ambacho hata Wangwe hakuniambia: kwamba nikimaliza nilimpa kioo, naye Mokua anajitazama na kutabasamu. Sijui kama nyumba ile ina kioo.

Baadaye mwanamke mmoja alinifuata nje, kwenye matope. Anaitwa Benta, kwao ni Karungu, hapa Migori anashona nguo za shule. Alisema mama yake ni mgonjwa huko Karungu, na hawajasemezana miaka minne kwa sababu ya ugomvi wa mazishi ya baba yake Benta.

"Nilikuwa nasema nitaenda akipona," Benta akasema. "Lakini vile umesema juu ya hiyo beseni, nimeona nitaenda kesho."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikamwambia aende mapema kabla mvua haijaanza.

Jumapili, 30 Machi

Nilikwenda, nikakaa nyuma, sikupanda. Watu walikuwa wanageuka kunitazama kwa upole. Upole ule unachoma.

Jumapili, 6 Aprili

Kumbe mtu alinirekodi. Video imezunguka kwenye simu za watu, kutoka kundi la kanisa hadi kundi la wafanyabiashara. Orina, mzee wa kanisa letu, jana baada ya ibada alinisifu mbele ya Wasabato wote. Alisema hivi ndivyo ndugu wanapaswa kupendana. Nyakerario alikuwa ameketi upande wa wanawake. Hakunitazama.

Liz amepata ukumbi Homa Bay kwa tarehe moja Juni. Watakuja watu wa Karungu, wa Lambwe, wa Mbita. Anataka niwe wa mwisho kupanda.

Ijumaa, 11 Aprili

Mong'ina alipiga simu saa nane mchana. Safari hii niliipokea.

Tulisalimiana. Aliuliza watoto, aliuliza mvua ya Suna. Mahindi yao yamefika magotini, akasema. Halafu akasema, "Nimeona hiyo video, shemeji."

Kulikuwa na mteja mbele yangu anasubiri nakala za kitambulisho.

"Wangwe ameiona?" nikauliza.

"Ameiona. Bonface alimwonyesha."

Bonface ni mtoto wa kwanza wa Mokua na Mong'ina, mtu mzima, ni fundi wa pikipiki.

"Alisema nini?"

"Aliangalia mpaka mwisho. Akasema umeeleza vizuri. Akarudi kwa mbuzi zake."

Nilingoja anitukane. Mimi ndiye niliyemwacha na mgonjwa, miezi mitatu, yeye na mtu wa kabila lingine asiye na damu yetu hata tone. Ningetukanwa ningejua pa kusimama. Lakini aliniaga, akasema nisalimie Nyakerario. Nikamkatia yule mteja nakala zake vibaya, ikabidi nianze tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya wenzetu. Mji umetulia. Mvua imenyesha siku nne bila kupumzika, na choo cha jirani kimetitia.

Nyakerario alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Bila kuinua kichwa akasema, "Hiyo hadithi utaisema mpaka lini?"

"Hadithi gani?"

"Osoro. Tunalala kitanda kimoja. Hizo Ijumaa zote ulikuwa hapa. Ulikuwa unakula chapati."

Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema alikuwa anangoja nione aibu mwenyewe, kwa sababu aibu ya kusukumwa haikai.

"Naiona," nikasema.

"Unaiona na bado unaenda."

Alipeleka maharagwe jikoni. Nilibaki na ungo. Nimekuwa nikimwona Nyakerario kama mtu asiyetambua mambo, mtu wa jikoni na kwaya. Miaka kumi na saba. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nasomwa.

Jumanne, 6 Mei

Benta alikuja dukani leo. Amevaa leso nyeusi kichwani. Nilijua kabla hajaketi.

Mama yake alifariki Alhamisi iliyopita. Benta alikuwa amekaa naye wiki tano. Aliniambia yote, polepole, mikono juu ya meza yangu. Siku ya kwanza mama yake aligeukia ukuta. Siku ya tatu alikubali kuoshwa miguu. Wiki ya pili aliomba kusukwa nywele, akasema Benta tangu utoto mkono wake ni mwepesi kuliko wa dada zake. Kuanzia hapo waliongea. Ugomvi wa mazishi ya baba hawakuugusa, walisahau tu kuugusa. Alifariki asubuhi, Benta akiwa anampaka mafuta vidole.

"Ningekuwa hapa Suna," akasema. "Ningekuwa nashona kola. Ningepigiwa simu."

Halafu akasema kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Ero kamano. Asante. Ni wewe ulinipeleka."

Alitaka niandike programu ya mazishi. Alitaka kwenye ukurasa wa mwisho, pale pa shukrani, niandike jina langu.

Nimeandika shukrani za watu wengi katika kazi hii. Madaktari waliochelewa nimewashukuru, wana waliokuja na suti mpya siku ya kuzika nimewashukuru, na sijawahi kukosa neno. Leo vidole vilisimama juu ya kibodi.

Nikamwambia, "Benta, jina langu liache."

"Usijinyenyekeze, ndugu yangu."

"Sio kujinyenyekeza." Na hapo ukweli ulikuwa umefika kabisa mdomoni. Nikamtazama macho, yalikuwa mekundu na yametulia, macho ya mtu aliyefanya jambo lake vizuri. Nikaona nikimwambia, nitachukua kitu kutoka kwa yule mama na wiki zake tano. Au hicho ndicho kisingizio nilichochagua. Sijui. Nilichapisha. Jina langu liko ukurasa wa nane, nakala mia mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Sijalala vizuri tangu Jumanne. Nyakerario amesema kama nitaenda Lambwe, niende kabla ya Homa Bay, nisiende baada.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi kutoka Lambwe. Niandike yote.

Nilifika Ijumaa mchana. Bonde lote ni kijani, na nyasi za kando ya njia zimenifika kiunoni. Kaburi la Mokua limeshuka upande mmoja kwa mvua. Mong'ina alinipikia, akanitandikia, akaniuliza mambo ya duka. Amekonda. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika kijiko. Alisema, "Kula kwanza." Nilipomaliza kula alisema, "Kulikuwa na siku nilikuwa napiga ili usikie tu anavyopumua. Sio ufanye kitu." Halafu akatoa vyombo. Hilo ndilo alilosema, na mpaka sasa nalisikia.

Kioo hakuna katika nyumba ile. Nilitazama.

Jumamosi jioni jua likiwa bado juu, nilikwenda kwa Wangwe. Ni mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, masikio yake makubwa, si mtu wa maneno. Alikuwa anafunga ua uliobomolewa na mbuzi. Nikaanza kumshikia fito. Tulifanya kazi kama nusu saa.

Hatimaye nikasema, "Wangwe, nimekuibia."

"Mbuzi?"

Nilidhani anatania. Uso wake haukuwa na utani.

"Nilisema kwa watu kwamba mimi ndiye nilimnyoa Mokua."

"Niliona kwa simu."

"Kwa nini hukunipigia?"

Alikaza fundo, akalijaribu kwa mkono, akaniita kwa jina la binti yangu. "Hiyo maneno wacha, Baba Bathsheba. Wewe ni ndugu yake. Mimi ni jirani tu. Hata kama umesema hivyo si mbaya."

"Ni mbaya."

"Mtu amekufa. Kumnyoa ni kumnyoa."

Nilimwambia tarehe moja Juni nitasema ukweli Homa Bay, mbele ya watu, na ninamwomba aje. Hapo ndipo alipobadilika. Aliacha kufunga. Akasema hapendi mikutano. Akasema tena niache, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba, na hakunitazama. "Ukianza kufukua hii kitu, utafukua mpaka wapi?" akasema. Kisha akaingia zizini akawa anahesabu mbuzi ambao nilimwona amewahesabu.

Nilirudi nikifikiri, ananidharau kiasi kwamba hataki hata ukweli wangu. Nilistahili. Lakini njiani kote sikuelewa kwa nini mtu asiye na kosa alikuwa na uso kama wangu.

Jumatano, 21 Mei

Manyunyu. Nilimwambia Liz kwa simu kwamba nina jambo la kusema Homa Bay ambalo halitamfurahisha. Akasema, "Sema tu, Osoro, jukwaa ni la wazi." Hajui.

Jumanne, 27 Mei

Nimeandika nitakachosema. Nikasoma, nikaona nimeweka sentensi za kutafutia leso. Nimechana.

Jumapili, 1 Juni

Homa Bay. Siku ya Madaraka, bendera kila mahali, na ziwa limepanda mpaka limefunika njia ya waenda kwa miguu. Ukumbi una madirisha upande wa maji. Walikuja watu zaidi ya mia mbili. Benta alikuja na dada zake wawili, wamekaa mstari wa pili. Nyakerario alikuja nami. Mong'ina alikuja na Bonface, na nyuma yao, dakika ya mwisho, akaingia Wangwe, amevaa koti la kahawia la Mokua. Mikono ya koti inaishia juu ya vifundo vya mikono yake. Alisimama karibu na mlango ingawa viti vilikuwepo.

Watu kumi na mmoja walipanda kabla yangu. Mwanamke mmoja alisoma barua kwa mtoto wake. Mvuvi mstaafu alipiga nyuzi za nyatiti bila kusema neno, akashuka. Kisha Liz akasema, "Wa mwisho ni mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa simu zenu," na watu wakaanza makofi kabla sijasimama.

Nilingoja yaishe. Nikasema:

"Sikumnyoa kaka yangu. Sikumnyoa hata mara moja. Aliyemnyoa ni Wangwe, amesimama pale mlangoni. Mimi nilikwenda mara moja, nikakaa dakika ishirini, nikadanganya kuhusu mvua, nikaenda zangu. Simu za nyumbani kwake nilikuwa sizipokei. Alipokufa nilikuwa dukani. Video mliyoiona ni uongo. Nilisema mara mbili, na mara ya pili nilifanya mazoezi. Wangwe, nakushukuru. Mong'ina, naomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndiko nilikosea."

Haikufika hata dakika mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia kiti kikivutwa. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma bei, "Huyu mtu ana roho gani," akatoka, na wengine wanne au watano wakamfuata. Liz alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilimtazama Benta kwa sababu nilijilazimisha. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeonja chai akakuta chumvi. Dada yake akamnong'oneza kitu. Akasimama, na dada zake wakasimama.

Walipofika kwenye kijia cha kati, Benta akageuka. Alisema bila maiki lakini ukumbi ulisikia. "Mama yangu alikufa mikononi mwangu. Hiyo sio uongo. Hiyo hutachukua."

"Siwezi kuichukua," nikasema.

"Jina lako nitalikata kwa kila kitabu nitakachokiona," akasema. Akatoka.

Liz alinijia kuchukua maiki. Mkono wake ulikuwa baridi. Ndipo Wangwe akaja mbele, akipita katikati ya viti kwa mwendo wa mtu anayevuka mto. Liz akampa. Aliishika mbali na mdomo, ikabidi asogezewe.

"Mimi ni Wangwe," akasema. "Ni kweli nilimnyoa. Alikuwa jirani yangu, aliponiuguzia mke wangu hakuniuliza kabila. Basi." Akanionyesha kwa kidevu. "Nina maneno na huyu ndugu yake. Lakini ni ya sisi wawili." Akairudisha.

Watu walimpigia makofi yeye. Aliinamisha kichwa kama anayenyeshewa.

Tulikwenda wawili mpaka kwenye mawe, pale maji yalipofunika njia. Ilikuwa kama saa kumi, jua kali. Nilifikiri sasa atasema aliyoyakataa kwenye ua. Nilikuwa tayari, hata nilitamani.

"Wewe umesema yako," Wangwe akasema. "Sasa mimi nitasema. Usinikate."

Alisema wiki tatu za mwisho macho ya Mokua yalikuwa yamefifia. Sauti ilikuwa imebaki upepo, ilibidi uweke sikio karibu na mdomo wake. Ijumaa moja, katikati ya kunyolewa, Mokua alisema kitu kwa Kigusii, lugha yetu. Wangwe anasema Kigusii na Kikuria vinakaribiana, hakuhitaji kuelezwa. Mokua alikuwa ameuliza, "Osoro, umefika?"

Wangwe alitazama maji.

"Nilikuwa nimeshika wembe," akasema. "Sikufikiri. Nikamwambia nimefika."

Ijumaa iliyofuata Mokua aliuliza tena. Wangwe akajibu tena. Mara ya tatu hakuuliza. Alijua tu kwamba Osoro yuko. Alifariki Jumanne yake.

"Nilidanganya mtu anakufa," Wangwe akasema. "Nilichukua jina lako. Hata Mama Bonface sijamwambia. Siku ya mazishi nilitaka kukwambia, nikakwambia ya kunyoa tu, nikashindwa na hii. Nilipoona video, nikasema, basi, tumelingana. Yeye amechukua mkono wangu, mimi nilichukua jina lake. Ndiyo maana nilikwambia uache."

Nilikaa juu ya jiwe. Nikamwuliza kama Mokua alisema kitu kingine.

"Alisema. Na hii ndiyo inanisumbua, kwa sababu si yangu na nimekaa nayo tangu Januari." Alivua koti la Mokua, akalikunja juu ya mkono, kama vile haifai kuyasema maneno hayo akiwa amelivaa. "Alisema, asante kwa kuacha kazi yako ukaja."

Nililia mbele ya watu waliokuwa wakipita na bendera zao ndogo. Wangwe hakunishika wala hakuondoka.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Wateja wa mazishi wamepungua dukani, na wengine wanajua kwa nini. Mzee Orina hakunisalimia jana. Nyakerario aliketi nami benchi moja, jambo ambalo kanisani kwetu si kawaida, na alikaa hapo mpaka wimbo wa mwisho.

Lebo za nguo alizokuwa ameanza kuchapisha kwangu, Benta amezipeleka kwa fundi mwingine. Nilimwona ng'ambo ya barabara. Sikumwita.

Ijumaa, 13 Juni

Leo mchana nilimpigia Wangwe. Alikuwa malishoni, nilisikia kengele.

Nilimwambia kuna jambo moja sikuuliza Homa Bay. Mokua aliposema ile asante, yeye alimjibu nini?

Nilisikia akimwita mbuzi mmoja arudi.

"Nilijibu vile nilifikiri wewe ungejibu," akasema. "Nilimwambia si kitu, kwa maana wewe ulinibeba kwanza."

Nikamwuliza alijuaje. Nilipokuwa na miaka sita nikaugua surua, Mokua alinibeba mgongoni kutoka kwetu mpaka hospitali ya misheni, safari ya kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, naye alikuwa na miaka ishirini. Sijawahi kumwambia Wangwe jambo hilo, wala Liz, wala watu wa ukumbini.

"Sikujua," Wangwe akasema. "Lakini ndugu mkubwa lazima alikuwa amekubeba mahali."

Akaniaga, mbuzi mmoja alikuwa ameingia kwenye mahindi ya watu.

Nimekaa na kalamu tangu saa nane. Katika maneno yote yaliyosemwa kwa jina langu msimu huu, hayo ndiyo ya kweli, na si mimi niliyeyasema.